Mkono, Fimbo na Mbuzi wa Sokoni: Kweli au Uongo?

"Mnyama haelewi maneno, anaelewa fimbo."

Uongo, na ni uongo wenye gharama. Siku ya soko, barabara ya Nundu kwenda Baraka ina mbuzi wengi wanaoburutwa: kamba shingoni, miguu ya mbele imekazwa, kijana mwenye fimbo nyuma. Mbuzi ana macho ya pembeni. Anaona karibu pande zote isipokuwa pale nyuma yake, na ndipo hasa mwenye fimbo anaposimama. Pigo linatoka mahali asipopaona, kamba inamkaba mbele, naye anafanya kile ambacho mwili wake unajua kufanya: anavuta kurudi.

Jaribu kusimama karibu na bega lake. Ukiwa nyuma kidogo ya bega, anasogea mbele. Ukilipita bega kuelekea kichwani, anasimama au anarudi nyuma. Wachungaji wazoefu hufanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Vuta kamba kidogo, ngoja, na mara anapopiga hatua moja legeza papo hapo. Kulegea kwa kamba ndiyo malipo yake, na malipo yakichelewa hajifunzi kitu. Siku mbili tatu za kazi hiyo nyumbani, kabla ya siku ya soko, zinapunguza mabishano mengi njiani.

Asiyejali raha ya mbuzi na ajali mfuko wake. Mnyama aliyehangaishwa kwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo ndiyo ingegeuka asidi na kuilinda nyama. Isipokuwepo, nyama inakuwa nyeusi na kavu, na inaoza haraka. Kwenye joto la pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako wachuuzi wengi hawana friji, hiyo ni hasara ya mchana mmoja. Sehemu iliyovilia damu kwa fimbo nayo hukatwa na kutupwa.

"Kumpapasa mnyama ni mambo ya Wazungu."

Jina ni lao, kazi si yao peke yao. Njia inayouzwa duniani kwa vitabu na vyeti ilianzishwa na Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada na mtaalamu wa farasi. Mwaka 1975 aliingia mafunzo ya Moshe Feldenkrais huko San Francisco, mwalimu aliyewafundisha watu wenye maumivu kutumia miili yao upya kwa mijongeo midogo ya polepole. Tellington-Jones aliichukua fikra hiyo akaipeleka kwa farasi, kisha kwa mbwa na wanyama wengine: vidole vinavyozungusha ngozi taratibu, duara moja na robo, halafu mahali pengine, na mnyama kuongozwa polepole kupita juu ya fito zilizolazwa chini, ili afikirie kila mguu anapoutia.

Sasa panda kutoka ziwani hadi nyanda za juu za Itombwe na Minembwe. Mfugaji humtoa ng'ombe kupe kwa vidole, humkuna chini ya shingo, humwita kwa jina, na humruhusu ndama anyonye kwanza kabla ya kukamua. Hakuna cheti hapo. Kuna sababu ya mwili lakini: ndama anapogusa chuchu, ubongo wa ng'ombe unatoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo inakaza vifuko vidogo ndani ya kiwele na kuyashusha maziwa. Ng'ombe akiogopa, adrenalini inaingia na kuzuia kazi hiyo. Maziwa yamo, ila hayashuki. Anayempiga ng'ombe kwa sababu "amebana" anazidi kumbana.

Katika ardhi ambayo mifugo imeporwa makundi kwa makundi kwa miaka ya vita, kuzungumza habari za kumkuna ng'ombe shingo kunaweza kuonekana anasa. Sidhani. Aliyebakiwa na ng'ombe wawili ana sababu kubwa zaidi ya kuyapata maziwa yao yote.

"Ukimpa ng'ombe jina, maziwa yanaongezeka."

Nusu kweli, na nusu hiyo hupotoshwa sana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha majibu ya wafugaji 516. Waliowaita ng'ombe wao kwa majina walipata wastani wa lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe katika kipindi kimoja cha kukamuliwa. Habari ikazunguka dunia kana kwamba jina ni dawa. Lakini wale walikuwa wafugaji wanaojieleza wenyewe, na anayempa ng'ombe jina huenda pia humlisha vizuri zaidi, humtazama kila siku na hutambua mapema akiugua. Jina ni dalili ya mfugaji wa aina fulani.

"Kila mnyama hupenda kupapaswa kichwani."

Uongo. Watafiti wa Vienna walionyesha mwaka 2008 kwamba ng'ombe hufurahia zaidi kukunwa chini ya shingo, pale wanapolambana wenyewe kwa wenyewe. Anayekunwa hapo hunyoosha shingo na baadaye hamkimbii mtu. Farasi ana mahali pake, mbele ya mabega mwisho wa shingo, na utafiti wa mwaka 1993 ulikuta mapigo ya moyo wake yakishuka akisuguliwa hapo. Dume la mbuzi usimsukume paji la uso hata kwa mchezo, maana unamfundisha kupiga watu vichwa. Mbwa mgeni mwache akunuse, kisha mguse kifuani au ubavuni, si kwa mkono unaoshuka toka juu.

"Mnyama aliyeona vita hawezi kutulia tena."

Hapa jibu langu linasita. Aprili 2007, walinzi wa Hifadhi ya Virunga walimkuta mtoto wa sokwe wa milimani, wa umri wa miezi miwili hivi, amemng'ang'ania mama yake aliyepigwa risasi. Mlinzi Andre Bauma alimkumbatia usiku kucha kwenye kifua chake kitupu ili apate joto. Mtoto huyo, Ndakasi, akaishi. Alikulia Rumangabo, katika kituo cha Senkwekwe kinacholea sokwe yatima, akacheza, akapigwa picha zilizojulikana duniani kote, na tarehe 26 Septemba 2021 akafa mikononi mwa Bauma huyohuyo, akiwa na miaka 14.

Kwa hiyo kutulia, ndiyo. Kurudi msituni, hapana. Mkono wa mtu ulimpa uhai, na ulimfanya pia awe mnyama wa watu. Ndiyo sababu kituo cha Lwiro, katika mkoa wetu huuhuu wa Kivu ya Kusini, hakiishii kwa walezi: sokwe-mtu yatima huanza mikononi mwa watu, kisha huingizwa taratibu kwenye kundi la wenzao, wanaochambuana manyoya kwa masaa. Mguso wanaouhitaji zaidi ni huo. Mafua yetu yanaweza kuwaua, na sokwe asiyeogopa watu ni rahisi kwa jangili. Ukikuta kinda la mnyama wa porini Itombwe, upole wako wa kwanza ni kutomgusa na kuwaita wahusika wa hifadhi.

"Mkono wenye upole unaponya magonjwa."

Uongo mtupu. Mguso unapunguza woga, na woga ukipungua sindano huingia kirahisi, kidonda huoshwa bila kamba nne. Kazi yake inaishia hapo. Sotoka ya mbuzi, kideri cha kuku na ugonjwa unaoletwa na kupe havisikii vidole. Vinahitaji chanjo, dawa na veterinere. Hata zile duara za Tellington-Jones, ushahidi wa kisayansi unaozihusu ni mdogo ukilinganisha na sifa zake.

"Mbwa aliyekuwa mkali akianza kujipendekeza ghafla, amezoea."

Huenda. Huenda pia ni kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingine huanza kwa mbwa kubadilika tabia tu: mkali anakuwa mpole, mpole anajificha. Usimpapase. Akikuuma, au mate yake yakigusa mchubuko, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa ni wa jirani.