Kadi Ipo, Insulini Haitoshi

Mgonjwa wa kisukari anayechoma uniti 30 asubuhi na 20 jioni anatumia uniti 50 kwa siku. Chupa ya insulini ya mililita 10 ina uniti 1,000, yaani siku 20. Lakini karatasi za daktari zinazofika kwetu kwenye dirisha la dawa, Dodoma, mara nyingi zimeandikwa chupa moja kwa mwezi mzima. Mgonjwa anaipokea, anarudi zake Bahi au Chamwino, na akiona chupa inakaribia kuisha anaanza kujipunguzia dozi. Sukari inapanda, naye anadhani dawa imemkataa.

Ndugu mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), hesabu hiyo ifanye mbele ya daktari kabla hujatoka chumbani. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3. Huduma hiyo umekwisha kuilipia. Usione haya kusema, "Daktari, chupa hii hainifikishi tarehe ya kliniki." Na dawa ikiwa haipo hospitalini, usiondoke mikono mitupu: omba fomu ya 2C, uipeleke kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko.

Wanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF iliyoboreshwa) njia yao ni nyingine. Kituo cha halmashauri kikikosa dawa Bohari ya Dawa (MSD), huagiza kwa Mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu ulioanzia mkoani Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenea nchi nzima. Ni utaratibu mzuri, ila kituo hakiagizi hitaji kisilolijua. Wagonjwa wa kata moja wakijiorodhesha na kumpelekea mganga mfawidhi mahitaji yao ya mwezi, anapata cha kuandika kwenye oda.

Linaloniuma zaidi ni stripu za kupimia sukari. Kule Marekani, tangu 2023, mwanachama wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, halipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini inayogharamiwa, na bima hiyo huchangia pia stripu. Kwetu wengi wanaopima nyumbani hununua stripu kwa fedha zao, na anayeshindwa anachoma insulini gizani. Stripu na sindano ni sehemu ya dawa. Bima izihesabu hivyo. Mwenye mtoto anayetumia insulini aulize kliniki kuhusu mpango wa Chama cha Kisukari Tanzania, unaowapa watoto insulini na vipimo bure.

Dawa uliyoipata kwa shida hiyo itunze. Usiye na jokofu, funga chupa ndani ya mfuko wa plastiki, iweke katika chungu chenye maji kidogo, funika kwa kitambaa kibichi, kivulini. Hewa kavu ya Dodoma hukausha maji upesi na kukipoza chungu, kwa hiyo njia hii inafaa huku kuliko Tanga. Chupa iliyofunguliwa itumike ndani ya siku 28. Mwenye jokofu asiiweke kwenye friza: insulini ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka.