Kivumishi "Nonplussed" na Tatizo la Kukifasiri

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyoeleza hali ya kutatizika, "nonplussed" kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu leo kinabeba maana mbili zinazopingana.

Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini, "non plus", yaani "si zaidi". Yalipoingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, yalitumika kama nomino iliyotaja hali ambayo ndani yake hakuna zaidi linaloweza kusemwa wala kutendwa. Kutokana na nomino hiyo kilipatikana kitenzi, na kutokana na kitenzi, kivumishi. Basi aliye "nonplussed" ni mtu aliyeishiwa na la kusema na la kutenda.

Kiswahili hakina kivumishi halisi cha maana hiyo. Hali za moyo na akili aghalabu huelezwa kwa vitenzi: ameduwaa, ametatizika, amepigwa na butwaa. Hata hivyo, vitenzi hivi havilingani. Kushangaa hakutoshi, kwani mtu huweza kushangaa huku akiendelea kusema. Kutatizika nako huacha nafasi ya kufikiri. Kupigwa na butwaa ndiko kunakokaribia zaidi, kwa kuwa humo fikira na ulimi husimama pamoja.

Katika karne ya 20 ilizuka maana nyingine huko Marekani ya Kaskazini: mtu asiyebabaika wala kushtushwa na jambo. Yaelekea chanzo chake ni umbo la neno lenyewe. Msemaji aliyezoea kuona "non" ikikanusha maneno mengine hudhani kuwa hapa pia inakanusha fadhaa fulani. Maana hiyo imeenea, ingawa wengi wa wanaochunga usanifu wa Kiingereza bado huihesabu kuwa kosa.

Hapo ndipo penye mtihani wa mfasiri. Chukuliwe mfano wa riwaya inayosema kuwa hakimu alikuwa "nonplussed" baada ya kusikia ushahidi. Msomaji wa Kiingereza huweza kuipita sentensi hiyo bila ya kuamua. Mfasiri wa Kiswahili hawezi, kwa sababu ni lazima kitenzi chake kiyakinishe au kikanushe: ama "hakimu alipigwa na butwaa", ama "hakimu hakubabaika". Akikosea, humgeuza mhusika mzima, na msomaji humhukumu hakimu kwa tabia asiyokuwa nayo.

Kwa hiyo haifai kutegemea kamusi inayotoa kisawe kimoja tu. Kamusi ya lugha mbili yapasa iorodheshe maana zote mbili, na ionyeshe kuwa ya pili ni ya Marekani ya Kaskazini. Mfasiri naye hana budi kutazama maandishi ni ya mwaka gani, mwandishi ametoka wapi, na zaidi ya yote, mhusika anatenda nini katika sentensi zinazofuata. Aliyepigwa na butwaa hunyamaza. Asiyebabaika huendelea na shughuli yake.