Kabla ya kukata parseli yako Mavivi



Kando ya barabara ya Beni kwenda Oicha, mashamba ya Mavivi yanageuka viwanja vya nyumba. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, watu wengi wamekimbia vijiji vyao, na wengine wanatafuta mahali padogo tu pa kusimamisha nyumba. Mwenye shamba, ambaye naye anaogopa kwenda kulima mbali, anaona pesa za masomo ya watoto ziko pale nyuma ya jiko lake. Hatumlaumu. Lakini wachungaji wetu wanaletewa kesi nyingi za viwanja, na mara nyingi shida ilianzia siku ile kamba ilipovutwa.

Tujiulize kwanza: ninachokata ni changu kwa karatasi gani? Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni sertifika ya uandikishaji. Wengi wetu hatuna. Tuna mbuzi wa muhako ambaye babu alimpa mkuu wa desturi, na karatasi ya kuuziana yenye sahihi ya mkuu wa kijiji. Sheria ile iliahidi kwamba haki za desturi zitapangwa kwa agizo la Rais, na miaka mingi ilipita bila agizo hilo. Basi majirani wanamheshimu mbuzi wa babu, ila mbele ya tribinali, akikutana na sertifika, ni dhaifu sana.

Mwenye sertifika naye asikate kwa kamba na panga. Aombe ofisi ya ardhi: mpimaji wa kadasta apime na kuweka mipaka, kisha hati ya zamani ifutwe na kila kipande kipewe yake. Ni gharama, ndiyo. Mnunuzi asiye na hati ndiye atakayelia siku kipande hicho kitakapouzwa mara ya pili kwa mtu mwingine.

Halafu kuna watu wa nyumbani, na hapa ndipo damu inapochemka. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza kiwanja. Baba akifa, watoto wanarithi kwa mafungu sawa, msichana kama mvulana. Kaka wengi bado wanagawana peke yao wakisema dada ameolewa. Mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na Bwana akawapa haki (Hesabu 27). Sijui kwa nini sura hiyo inasomwa mara chache kwenye matanga yetu. Muwaite wote, mwandike mlichokubaliana, kila mtu atie sahihi.

Tena mtazame udongo wenyewe. Choo kitakuwa wapi, na kisima cha jirani je? Maji ya mvua yataenda wapi? Butembo, kwenye milima, maji ya kiwanja cha juu yanabomoa nyumba ya chini. Na yule wa nyuma kabisa, akifiwa, jeneza litapita njia gani? Acheni njia kabla ya kuuza, maana baada ya kuuza hakuna atakayekubali kurudisha ukuta wake nyuma.

Makanisa pia. Kama kapela yenu imejengwa kwenye kipande alichotoa mzee kwa mdomo, mwombeni aandike angali hai, na watoto wake watie sahihi pamoja naye.