Kichwa Kinauma, Mshauri Haulizwi

Mwanafunzi wa Kichina anayesoma London au Boston akizidiwa na mawazo, mara nyingi haanzii kwa mshauri nasaha wa chuo. Huenda kwa daktari wa kawaida akaeleza kwamba usingizi umempotea, kichwa kinamgonga, kifua kinambana na chakula hakipiti. Hupimwa damu, akaambiwa hana kitu, akarudi chumbani kwake. Baadaye utasikia kwamba watu hawa hawapendi kusema. Mimi siafiki. Amekwishasema, ila kwa lugha ya mwili.

Mwaka 1980 Arthur Kleinman, Mmarekani aliye daktari wa magonjwa ya akili na pia mwanaanthropolojia, aliwahoji wagonjwa 100 mjini Changsha, katika mkoa wa Hunan, China. Wote walikuwa wameambiwa wana ugonjwa wa kuchoka kwa mishipa ya fahamu. Kwa vigezo vya Marekani, 87 kati yao walikuwa na sonona. Hawakuwa wakidanganya: maumivu yalikuwa ya kweli, na huzuni waliieleza walipoulizwa. Tukumbuke pia kwamba Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni kali ya kisiasa ya China, yalikuwa yameisha juzijuzi tu. Kukata tamaa hadharani kungeweza kuonekana ni kasoro ya kisiasa, ilhali mishipa iliyochoka haikumtia mtu mashakani.

Vijana wa leo si wale wa 1980. Sonona wanaijua na wanaisoma kwenye simu zao. Hata hivyo, utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 45 wana dalili za sonona na asilimia 29 dalili za wasiwasi. Zaidi ya robo hawakuwahi hata kusikia kwamba chuo kina huduma ya ushauri.

Na wanaoijua je? Hapo ndipo penye kisa. Vyuo vya China vina afisa malezi, kwa kawaida mmoja kwa wanafunzi wapatao 200. Huyohuyo hushughulikia mabweni, nidhamu, siasa na shida za moyoni, na akiona hatari huwapigia wazazi simu. Aliyezoea utaratibu huo, akiona ng'ambo mlango wenye nembo ya chuo, hudhani atakayoyasema yatamfikia baba. Uingereza au Marekani mshauri hafungui siri za mtu mzima kwa wazazi bila ridhaa yake, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Lakini nani amemweleza hayo kwa mdomo? Yameandikwa katika fomu ndefu ya Kiingereza. Tena wengi wao ni watoto pekee, waliozaliwa chini ya sera ya mtoto mmoja iliyodumu hadi 2015, na huenda ada imebeba akiba ya nyumbani, hivyo kukiri udhaifu huwa kugumu zaidi.

Wanasaikolojia Shelley Taylor, Heejung Kim na wenzao walichapisha mwaka 2007 jaribio linalonivutia sana. Kabla ya mtihani wa kutia msongo, baadhi ya washiriki waliandika kuhusu watu wao wa karibu na thamani yao, wengine waliandika barua ya kuomba ushauri na msaada. Wenye asili ya Asia walitulia zaidi kwa kuwawaza tu watu wao. Kuomba kuliwaongezea mzigo. Wenye asili ya Ulaya walikuwa kinyume chake.

Kwa hiyo jioni ya kufinyanga maandazi ya nyama pamoja, mshauri akiwa miongoni mwao naye ana unga mikononi, ni huduma kamili. Wakuu wa vyuo wasiifute wakidhani ni anasa. Daktari wa kawaida naye, vipimo vikirudi safi, aongeze swali moja: usingizi ulipotea lini, na wakati huo kulitokea nini? Mshauri aanze kwa kutamka nani atasikia na nani hatasikia, kabla hajauliza lolote.

Hali moja tu haingoji mazoea: kijana akigusia kufa. Hapo muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo, na akikiri, usimwache peke yake mpaka afike hospitali.