JINA JEMA HUNG'ARA GIZANI, HATA NDANI YA TARAKILISHI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa jina jema hung'ara gizani. Wao walikuwa wakisema juu ya binadamu, lakini leo ningependa kukueleza kuwa methali hii inamfaa pia mtu anayeandika programu za tarakilishi. Sisi tunaosoma somo hilo tumeanza kufunzwa misingi ya kuandika programu mwaka huu, na katika kidato cha nne tunangojewa na mradi wa KCSE. Kwa hivyo ni heri tulijue jambo hili mapema.

Kwanza tuelewane. Ndani ya programu kuna thamani za aina mbili. Kuna zile zinazobadilika kazi ikiendelea, kama vile jumla ya pesa mteja anapozidi kuongeza bidhaa. Halafu kuna zile zinazotulia tu, mathalani alama za kupita mtihani au kiwango cha ushuru. Hizi za pili huitwa konstanti. Mwandishi anaweza kuandika nambari yenyewe kila anapoihitaji, au anaweza kuipa jina mara moja, pale juu, kisha atumie jina hilo kila mahali.

Hebu tutazame mfano. Ushuru wa VAT hapa Kenya ulikuwa asilimia 16. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, serikali iliushusha hadi asilimia 14. Tarehe 1 Januari 2021 ukarudi 16. Sasa tuseme kuna duka ambalo programu yake ya risiti ina nambari 16 kila pembe. Fundi anaketi, anatafuta 16. Lo! Anakutana na 16 ya ushuru, 16 ya mistari inayotoshea kwenye risiti, 160 ya bei ya bidhaa fulani na 2016 ya mwaka duka lilipofunguliwa. Akizibadilisha zote kwa mpigo, duka litakuwa limefunguliwa 2014! Akienda moja moja, atachoka na kuruka mahali. Na je, ile 0.862? Kuna mtu alitaka bei kabla ya ushuru, akagawanya 1 kwa 1.16 kwenye kikokotoo, akaandika jibu. Hiyo ni 16 iliyojificha mvunguni. Utaitafuta mpaka kesho na hutaiona.

Mambo hayaishii hapo. Januari inafika, fundi sasa anatafuta 14 airudishe iwe 16. Lakini duka lina sheria yake kwamba mteja anaweza kurudisha kiatu kibovu ndani ya siku 14. Asipokuwa macho, siku hizo nazo zinageuka 16. Ati ushuru umebadilisha sheria ya viatu!

Usiseme hayo ni ya mashine tu. Bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya ushuru ilifaa kuuzwa 1,160, na baada ya Aprili 1,140. Programu ikiachwa vile ilivyokuwa, mteja anatozwa shilingi 20 asizodaiwa. Zidisha kwa wateja 300 na ni shilingi 6,000 kwa siku moja. Hizo zimetoka mfukoni mwa mama aliyetumwa viatu na watoto wake.

Lau pangekuwa na mstari mmoja tu, KIWANGO_CHA_VAT = 16, na hesabu zote zikitoka kwa jina hilo, kazi ingekuwa ya dakika moja. Nayo SIKU_ZA_KURUDISHA_BIDHAA = 14 isingeguswa kamwe.

Lakini si kila jina ni jina. Mnamo 1973 Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo wa Unix, alitengeneza zana ya kutafuta maneno iitwayo grep, na mpaka leo waandishi wa programu huitumia. Zana kama hiyo haijui maana ya kitu. Hutazama herufi tu, basi. Kwa hivyo ukitaka ikusaidie, zingatia haya:

1. Jina liseme maana wala si thamani. Tuseme alama za kupita ni 40, na darasa nalo lina wanafunzi 40. Mwandishi mvivu ataandika ARUBAINI = 40 na kulitumia kotekote. Siku alama zikipanda atalazimika kuandika ARUBAINI = 45, jambo la kuchekesha, na wanafunzi watano hewa watajiunga na darasa bila karo! Andika ALAMA_ZA_KUPITA peke yake na IDADI_YA_WANAFUNZI peke yake, hata kama thamani zinalingana leo.

2. Lisiwe herufi moja. Ukiita konstanti yako A kisha uitafute, kila jina lenye A litajitokeza. Na katika Kiswahili, ni neno gani lisilo na a?

3. Lisiwe la jumla mno. KIWANGO cha nini? Simama gwarideni uite "Otieno!" uone ni vichwa vingapi vitageuka. Ongeza jina la pili na atageuka yule unayemtaka.

4. Litaje kipimo. MUDA_WA_KUSUBIRI = 30 ni sekunde au dakika? Andika SEKUNDE_ZA_KUSUBIRI na ubishi utakwisha.

Mbona herufi kubwa? Ni desturi ya lugha nyingi za programu. Katika Python, kwa mfano, herufi hizo hazikuzuii kubadilisha thamani hata kidogo. Ni ishara tu kwa anayesoma: ndugu, hii usiiguseguse.

Huenda ukauliza, je, kila nambari ipewe jina? La hasha. Ukitafuta kipenyo cha duara kwa kuzidisha nusu kipenyo kwa 2, hiyo 2 haitabadilika hata serikali ikitaka. Iache ilivyo. Jipe kazi pale ambapo nambari ina sababu yake, na sababu hiyo inaweza kubadilika kesho.

Kalamu yangu inaishiwa na wino. Wenzangu, tunapoandaa mradi, tukumbuke kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakayekuja kurekebisha programu yako huenda usimjue, na huenda usiwepo umweleze. Mwachie jina litakalomwongoza.