Theluji ya Kilimanjaro na Ziwa Lisilokuwako



Mama mmoja wa parishi yetu alimzika mtoto wa miaka minne, aliyeugua siku mbili tu. Baada ya mazishi alituuliza, "Kasisi, mbona Mungu amemchukua huyu?" Nasi, kwa kuwa kasisi hutazamiwa kuwa na jibu, tulijibu mara moja. Tulisema kwamba Mungu humwita mtoto mapema ili amwepushe na mabaya ya siku za mbele. Yule mama aliinamisha kichwa, asiseme neno. Leo twataka kusema juu ya jibu letu lile, lakini kwanza twendeni Rabai.

Rabai iko juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Huko, mwaka 1846, walianza kazi wamisionari wawili Wajerumani waliotumwa na shirika la CMS la Kanisa la Anglikana: Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Rebmann alikuwa mtu wa kutaka kujua. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga, aliona juu ya mlima Kilimanjaro kitu cheupe, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia, yule alimjibu neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akafahamu papo hapo.

Habari hizo zilipigwa chapa London mwaka 1849, na mjuzi mmoja wa ramani, William Desborough Cooley, akazikataa kabisa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Bwana huyu hakupata kukanyaga Afrika Mashariki. Elimu yake juu ya nchi zetu ilitoka vitabuni na masimulizini. (Tusimcheke upesi. Wengi wetu twamjua jirani kwa njia hiyo hiyo.) Desemba 1849 Krapf naye aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui, nao una weupe vile vile.

Jambo lenyewe si gumu. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 6 za joto kwa kila mita 1,000, na Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Chukua joto la Mombasa, nyuzi 27 hivi, utoe 35, utaona ya kuwa kileleni maji huganda ijapokuwa jua la ikweta lawaka juu yake. Barafu hiyo sasa yapungua. Zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imetoweka. Atakaye kuiona asikawie.

Basi Rebmann alifanya vema kuuliza na kwenda. Mithali sura ya 25 yawasifu wafalme kwa kuchunguza mambo, na hatuoni kwamba sifa hiyo imekatazwa kwa raia.

Lakini sikilizeni habari nyingine ya Rebmann huyu huyu. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani ya bara. Waliwauliza wafanya biashara wa misafara pwani, na wengi, ijapokuwa walipita njia mbalimbali, walisema kwamba safari yao huishia kwenye maji makubwa. Wamisionari hawakuwa wamefika kwenye maji hayo. Wakayaunganisha yote, yakawa bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, na mwaka 1856 wakuu wa elimu ya jiografia London waliijadili ramani hiyo kwa mshangao. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika, na Agosti mwaka huo Speke akaliona ziwa aliloliita Viktoria. Mwaka 1859 Livingstone akafika Nyasa. Maziwa matatu, na nchi kavu pana kati yake! Wafanya biashara hawakusema uongo. Kila mmoja alisimulia maji aliyoyaona. Kosa lilikuwa la kalamu, iliyopajaza mahali palipostahili kuachwa peupe.

Rafiki za Ayubu walipomjia walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo zilizokuwa siku zao njema. Walipofungua vinywa walianza kuchora ramani: lazima wewe umekosa, au watoto wako wamekosa. Bwana mwenyewe aliposema hakumfunulia Ayubu sababu ya msiba wake. Alimwuliza maswali, na mojawapo, katika sura ya 38, ni kama amepata kuingia katika ghala za theluji. Siku hizi watu hupanda Kilimanjaro na kuigusa barafu kwa mikono. Je, Ayubu amejibiwa? Na katika sura ya 42 waliokasirikiwa ni wale waliokuwa na majibu, wala si Ayubu aliyeuliza.

Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuwa na mkewe Rosina. Julai mwaka huo Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Kaburi liko Nyali hata leo. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na tangu hapo watoto wengi wameokolewa. Twamshukuru Mungu kwa mtu yule na darubini yake. Lakini Krapf mwenyewe aliugua homa siku zile zile, akapona. Mbona yeye, asiwe Rosina? Darubini haikuonyesha hilo.

Mwezi mmoja baada ya mazishi tulirudi kwa yule mama. Tulimwambia, "Mama, lile tulilokuambia kaburini hatukulijua. Tulilisema kwa kuogopa kunyamaza." Alitutazama kitambo. "Nilijua, Kasisi," akasema. Kisha aliingia ndani, akaleta kiti cha pili, akaanza kutusimulia jinsi mtoto wake alivyokuwa akiwafuata kuku mpaka chini ya ghala, akiwauliza majina yao.