Ulikuwa Wapi Mwaka 1885?

Mchimbaji anayeshuka shimoni Omate, kwenye dhahabu ya Walikale, anashukia sheria tatu kwa mpigo. Ya kwanza iliandikwa Kinshasa kwa Kifaransa: Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inayosema kilichomo chini ya ardhi ni mali ya Leta, yaani dola. Ya pili haikuandikwa popote, nayo ni ya wenye msitu kwa mila, ambao wanataka haki yao kwa kuwa babu zao ndio waliotega mitego pale kabla dhahabu haijajulikana. Ya tatu ni ya mwenye bunduki. Mwaka 2010 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja Omate miongoni mwa machimbo ambayo maofisa wa jeshi la taifa walikuwa na maslahi yao humo. Mwaka huohuo, mwezi wa tisa, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Katazo lilidumu nusu mwaka, na sheria ya tatu ikaendelea na kazi yake.

Zote tatu hujadiliwa kwa Kiswahili. Kifaransa hubaki kwenye karatasi, Kinyanga na Kikano, lugha za wenyeji, nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha kijana wa Bukavu na negosia, yaani mnunuzi wa dhahabu, wa Butembo bila yeyote kumwuliza mwenzake ametoka wapi. Katiba ya 2006 inakihesabu kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini Kiswahili hakimpi mtu ardhi. Ikifika ardhi, lugha nyingine huanza kuhesabiwa, na hadithi hiyo tunaijua vizuri zaidi tukipanda kutoka Walikale hadi vilima vya Masisi.

Tuchukue mkulima mmoja wa mfano. Alikuja Masisi kutoka Rwanda mwaka 1938, mtoto mgongoni mwa mama yake. Familia yake haikuvuka mpaka kwa wizi, kwani Wabelgiji walikuwa na idara maalumu ya kuwahamisha Wanyarwanda, iliyoanza kazi 1937 na kuwaleta watu wanaokadiriwa kuwa 85,000 hadi 1955. Mkoloni alitaka mikono ya kulima mashamba makubwa ya Kivu, na Rwanda ilikuwa imejaa watu na njaa. Aliwakatia hata sheferi yao, yaani eneo la chifu wao, Gishari, ndani ya nchi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi, kisha akaivunja 1957. Watu wakabaki na mashamba na lugha yao, ila bila chifu wao. Kwa mila ya Masisi, asiye na mwami wake ni mpangaji: analima kwa ridhaa ya mwami wa mahali, na anamlipa mutulo, ushuru wa mila.

Sasa tumfuate mkulima wetu katika vitabu vya sheria. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilitaka mmoja wa wahenga wake awe wa kabila lililokuwapo Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Hapo si raia. Mwaka 1971 agizo la Rais Mobutu likawapa uraia wote waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kongo kufikia Juni 30, 1960. Sasa ni raia. Sheria ya Januari 1972 ikarudisha tarehe nyuma hadi 1950, bado anaingia. Sheria ya 1981 ikairudisha hadi Agosti 1, 1885, siku ambayo babu yake mzaa babu hakuwa na habari ya nchi iitwayo Kongo, wala wengi wa wazee wa Masisi wa wakati huo hawakuwa nayo. Uraia wa jumla ukafutwa. Anayeutaka aombe mmoja mmoja. Halafu Novemba 2004 tarehe ikarudi 1960, na mzee wetu, kama bado yu hai, akawa Mkongomani tena. Hakuhama, wala hakubadilisha lugha. Kilichohama ni mwaka, kama kigingi cha mpaka wa shamba kinachong'olewa usiku.

Nani alikuwa anaking'oa? Jibu rahisi ni siasa za Kinshasa, lakini jibu hilo linawapa nafuu wakubwa wa huku kwetu. Mwaka 1973 Mobutu alitunga sheria iliyofanya udongo wote kuwa mali ya Leta. Kuhusu ardhi ya mila, sheria hiyo iliahidi tu agizo la rais litakaloeleza haki za wenyeji, na miongo ikapita bila agizo kutoka. Katika nafasi hiyo waliingia wenye vyeo. Ranchi kubwa zikagawiwa Masisi kwa watu wa karibu na ikulu, na Barthélemy Bisengimana, mkurugenzi wa ofisi ya Mobutu, ndiye anayetajwa zaidi. Ila kuna machifu waliotia sahihi pia, wakauza vilima vilivyokuwa na watu juu yake. Waliofukuzwa ng'ombe walipoingia walikuwa Wahunde na Wahutu wasemao Kinyarwanda, majirani wa mtaro mmoja. Wangeweza kusimama pamoja. Badala yake, sheria ya 1981 ilishawafundisha kuulizana: wewe wa wapi?

Machi 1993, kwenye soko la Ntoto huko Walikale, vijana wenye silaha wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Wahutu. Vita vikaenea Masisi yote na maelfu wakafa kutoka pande zote. Aprili 1995 bunge la mpito likapitisha azimio la kuwarudisha Wanyarwanda makwao, kana kwamba mtu aliyezaliwa Kitchanga, huko Masisi, ana kwao kwingine.

Hapa watetezi wa mila husema: tungerudi kwa wazee, haya yasingetokea. Sina hakika. Lakini wazee wa Kinyanga wameacha kitu kinachostahili kusomwa na kila mtunga sheria. Mwaka 1956 mwimbaji Shekarisi Rureke aliimba kisa cha Mwindo kwa siku 12, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye Kinyanga ni lugha ya kwao, wakakihariri na kukitafsiri, na mwaka 1969 kitabu kikatoka. Kisa chenyewe kinaanza na sheria mbaya. Chifu Shemwindo anatoa amri kwamba wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anazaliwa mwanamume, kwa hiyo ni mkosaji kabla ya kutambaa. Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anayempokea ni shangazi yake, Iyangura, aliyeolewa mbali na kijiji kile. Anapokishinda kijiji cha baba yake, Mwindo anamsaka mzee huyo hadi kuzimu. Hamuui, anamrudisha.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mwisho. Mwindo mwenyewe amelewa uwezo, ameua joka, na Radi anampandisha juu kumfundisha adabu kwa baridi na mvua. Anaporudi anatangaza sheria zake: watu walime vyakula vya aina nyingi, wasigombane, wasimcheke mlemavu apitaye kijijini, wamwogope chifu, na chifu naye awaogope wao. Hakuna amri hata moja inayouliza babu yako alifika mwaka gani. Sisemi Wanyanga waliishi hivyo siku zote. Ntoto ni kwao. Nasema lugha yao ilikwisha kufikiri jambo ambalo Kifaransa cha Kinshasa kimelizungukia tangu uhuru.

Na swali la “wewe wa wapi?” bado lipo mezani. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi kwa sababu ya vita, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho cha raia. Kisha waasi wa M23 wakaingia Masisi-centre na Goma Januari 2025, na Walikale-centre Machi. Kambi zilizozunguka Goma, walikokuwa wamejazana watu wa Masisi, zikavunjwa. Watoto wamezaliwa humo wengi, na Kanuni ya Familia inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, njia ni mahakamani, kwa Kifaransa, na kwenye fomu za serikali kuna mistari ya kujaza: grupma, sheferi au sekta, teritwari ya asili. Mama aliyejifungulia chini ya turubai la kambi ya Bulengo anajua majina yote hayo kwa moyo. Atakachoombwa ni karatasi, na karatasi ziliungua pamoja na nyumba.